Pima Kwanza, Kitasa Baadaye

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kitasa cha mlango wa gari, na hasa ile mota ndogo iliyofichwa ndani yake, ambayo ukibonyeza remoti hulisukuma komeo likafunga, ukibonyeza tena hulirudisha. Mafundi huiita mota ya loki, na mfumo mzima unaofunga milango yote kwa pamoja huitwa sentro loki. Nitayatumia majina hayo hayo, maana ndiyo utakayoyasikia gereji.

Mota hiyo inapoanza kuchoka haipigi kelele. Umeegesha gari sokoni, unashuka na vikapu vyako, unabonyeza remoti. Taa zinapepesa, milango inalia "tak", unaondoka bila wasiwasi. Kumbe milango iliyofunga ni mitatu. Wa nyuma kushoto umejaribu ukashindwa, umebaki wazi, na mkoba uko kwenye kiti. Au uko kwenye foleni ya jioni, giza linaingia, umejifungia ndani ukiamini mko salama, na mpita njia yeyote anaweza kuuvuta mlango ule akaondoka na simu ya abiria wako. Mlango ambao unajua kabisa kwamba haufungi una nafuu, kwa sababu utauangalia kila ukishuka. Huu unaofunga asubuhi na kugoma mchana ndio unaotutia hasara.

Kuna na ubovu wa upande wa pili, nao ndio ninaouogopa zaidi: mlango uliofunga ukakataa kufunguka, na nyuma wamekaa watoto. Mwaka 2005 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha matokeo ya watafiti waliopima joto ndani ya gari lililofungwa na kuachwa juani. Ndani ya saa moja joto lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 hivi za Sentigredi, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilikuwa imeshatokea katika dakika 30 za mwanzo. Vipimo hivyo vilihusisha hata siku ambazo nje kulikuwa na nyuzi 22 tu, na kushusha vioo kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Sasa fikirieni Mtwara au Mombasa mwezi wa Februari. Mlango wa nyuma usiofunguka kwa uhakika, kutoka ndani na kutoka nje, haustahili kupakia mtoto hata kwa safari ya kwenda dukani. Nawaambia hivyo ninaowafahamu, na wasikilizaji wangu siwafichi.

Nakuja kwenye hoja yangu. Tunabadilisha vitasa vingi ambavyo havina kosa, kwa sababu hatutaki kulipia upimaji. Mtu akienda gereji akisema mlango hauitikii remoti, jibu analopata papo hapo ni kwamba mota imekufa, lete kitasa kingine. Anatumwa dukani, anarudi nacho, mlango unafumuliwa, kitasa kinafungwa, na mara nyingine mlango bado umenyamaza vile vile. Hapo ndipo mtu anapokumbuka kutafuta mita. Kitasa kizima kimeshatolewa, pesa imekwenda, na muuza spea hakubali kurudishiwa kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa.

Ili tuone kwa nini upimaji si kazi kubwa, tutazame kilichomo ndani. Mota ya loki ni mota ya umeme wa volti 12, na kwenye magari mengi ya Kijapani tunayoendesha huku haizidi sana urefu wa sentimita 3. Inazungusha kigia kidogo, kigia hicho kinazungusha gia kubwa ya plastiki, na gia kubwa inasukuma mkono unaofunga au kufungua komeo. Umeme hupita kwa kitambo kisichofika hata sekunde moja, kisha hukatwa. Nyaya za mota yenyewe ni mbili tu. Wakati wa kufunga, waya mmoja unakuwa chanya na mwingine hasi. Wakati wa kufungua, zinabadilishana, na mota inazunguka kinyume. Nyaya nyingine utakazoziona kwenye plagi ni za swichi ndogo zinazotoa taarifa kama komeo limefunga au la, na katika magari mengine kama mlango wenyewe uko wazi. Kompyuta au kisanduku kinachotoa amri kiko mbali na kitasa, mara nyingi chini ya dashibodi.

Mpangilio huu una historia ndefu kuliko wengi tunavyodhani. Marekani, gari la Scripps-Booth lilikuwa na milango ya kufungwa kwa umeme mwaka 1914, ingawa jambo lenyewe halikuenea mpaka kampuni ya Packard ilipolirudisha mwaka 1956. Mercedes-Benz kwa miaka mingi walitumia mvuto wa hewa badala ya mota za umeme, na mafundi wakongwe waliowahi kuhangaika na vijipira vya hewa vya Mercedes za miaka ya 1980 wanaikumbuka kazi ile. Remoti ilikuja mwaka 1982 kwenye Renault Fuego ya Ufaransa, ikiwa kazi ya mhandisi Paul Lipschutz. Na mota yenyewe? Katika vitasa vingi vya magari ya Kijapani utakuta mota aina ya FC-280 ya kampuni ya Mabuchi, iliyoanzishwa Japani mwaka 1954 na kujijengea jina kwa mota za vitu vya kuchezea watoto. Hapo pana habari njema ambayo nitairudia tukifika kwenye ununuzi: mota hii inauzwa peke yake.

Inakufaje? Ndani yake kuna brashi mbili za kaboni zinazopeleka umeme kwenye komyuteta, yaani vile vipande vya shaba vinavyozunguka pamoja na mhimili. Miaka inavyokwenda, shaba inashika weusi, vumbi la kaboni linajazana, umeme unapita kwa shida, na nguvu ya mota inapungua. Haifi siku moja. Kwanza "tak" yake inakuwa dhaifu kuliko ya milango mingine. Halafu komeo linafika nusu na kurudi. Halafu linafanya kazi siku hii na kugoma siku ile. Baadhi ya mota zina kisahani kidogo ndani kinachozuia umeme zikipata joto kupita kiasi, kwa hiyo mtoto akichezea swichi ya loki mfululizo, milango inaweza kugoma kwa dakika chache kisha ikarudi kama kawaida. Hiyo si dalili ya ubovu, iacheni ipoe.

Hali ya hewa yetu nayo ina sehemu yake. Ndani ya mlango wa gari maji huingia, na waliouunda wanalijua hilo. Mvua hupita kwenye mpira unaopangusa kioo, ikashuka hadi chini na kutokea kwenye matundu madogo yaliyoko ukingo wa chini wa mlango. Tope likiyaziba matundu hayo maji yanabaki ndani, na ukifunga mlango kwa nguvu unayasikia yakicheza. Pwani maji hayo yana chumvi, na pini za plagi zinaota kutu ya kijani. Bara, kwenye barabara za vumbi, tatizo linakuwa grisi ya kiwandani iliyochanganyika na vumbi mpaka ikawa kama udongo. Kwa hiyo kabla hata ya mita, kuna kipimo cha mkono. Sogeza kitufe cha loki cha mlango ule kwa kidole. Kikienda kwa wepesi na komeo likaitika, lakini remoti haiwezi, basi tunashuku umeme: mota, plagi au waya. Kikiwa kigumu hata kwa kidole, mota inaweza kuwa nzima kabisa ila imebebeshwa mzigo usio wake, na dawa ni kusafisha na kupaka grisi, au kunyoosha fimbo iliyopinda.

Kipimo cha pili ni kuhesabu milango. Ikigoma yote minne kwa pamoja, msifumue mlango wowote. Mota nne haziwezi kufa asubuhi moja. Angalieni fyuzi, kisha rilei au kisanduku cha amri, kisha swichi kuu ya mlango wa dereva. Kama swichi ya ndani inafunga milango yote lakini remoti haifungi, badilisheni betri ya remoti kabla ya neno lolote. Namba yake, kama CR2016 au CR2032, imeandikwa mgongoni mwa betri yenyewe. Kama gari linafunga kisha linajifungua lenyewe papo hapo, au taa ya ndani haizimiki, shukuni swichi inayotoa taarifa kwamba mlango uko wazi, maana kompyuta ikiambiwa mlango haujafungwa inaweza kukataa kuufunga.

Ukigoma mlango mmoja peke yake, kabla ya kukihukumu kitasa tazameni ule mpira wenye mikunjo unaotoka kwenye nguzo ya gari na kuingia mlangoni, karibu na bawaba. Ndani yake mna nyaya zote za mlango, na kila mlango unapofunguliwa nyaya hizo zinakunjwa. Mlango wa dereva unakunja nyaya zake maelfu ya mara. Shaba inakatika ndani huku ganda la nje likionekana zima, na fundi anayetazama kwa macho tu hataona kitu. Dalili zake zinajitaja: kioo cha mlango huo huo nacho kinasuasua, au spika inakatika, au loki inaitika mlango ukiwa umefunguliwa nusu na kunyamaza ukiwa umefungwa. Vuteni mpira ule taratibu, kamateni waya mmoja mmoja na kuuvuta kidogo. Uliokatika utarefuka mkononi kama mpira, kwa sababu kinachoushikilia ni ganda tu. Ukarabati wake ni kuunga kipande kipya cha waya laini wa unene ule ule, kwa risasi ya kulehemu na kifuniko kinachonywea kwa joto, na maungio yawekwe mbali na sehemu inayokunjwa. Kusokota kwa vidole na kufunga seloteipu kutakurudisha gereji kabla ya mvua zijazo.

Waya zikiwa salama, ndipo tupime kwenye plagi ya kitasa chenyewe. Hapa nina pendekezo ambalo si kila fundi analipenda. Mita za kidijitali tunazonunua kwa bei nafuu ni za polepole, na amri ya loki ni ya kitambo kidogo mno. Namba zinarukaruka na mtu anadhani hakuna umeme. Tena waya uliooza unaweza kuonyesha volti 12 kwenye mita, kisha ukashindwa kubeba mzigo wa mota. Chukueni taa ya breki ya wati 21, iungeni waya mbili, mzichomeke kwenye pini mbili za mota upande wa gari, na mtu mmoja abonyeze swichi. Taa ikimulika kwa nguvu wakati wa kufunga na wakati wa kufungua, gari limetimiza wajibu wake, na kosa liko ndani ya kitasa. Ikimulika kwa unyonge au isimulike kabisa, kitasa kipya hakitasaidia chochote. Baada ya hapo kitasa nacho kijaribiwe chenyewe: waya mbili kutoka kwenye betri, zenye fyuzi katikati, ziguse pini za mota kwa kitambo tu kisha ziondolewe, halafu zigeuzwe. Msizishikilie pale, mtaiunguza mota iliyokuwa nzima.

Upimaji wote huo, pamoja na kufungua kava la mlango, haumalizi asubuhi. Lakini tazameni tunavyoulipia. Fundi umeme akija na taa yake na mita yake, akakaa, akapima, akasema, "Bosi, kitasa chako kizima, waya ndio umekatika hapa," kisha akaunga waya, mwenye gari anatazama mikono yake mitupu na kuuliza alipie nini, kifaa chenyewe hakikubadilishwa. Yule aliyefunga kitasa kipya bila kupima analipwa bila ubishi kwa sababu kuna boksi la kuonyesha. Tukimlipa fundi kwa kufunga tu, tunamfundisha kufunga. Mimi naomba bei ya kupima itajwe mwanzoni kabisa, peke yake, na ilipwe hata kama jibu litakuwa kwamba hakuna cha kununua. Jibu hilo ndilo la thamani kuliko yote, kwa sababu limekuokolea bei ya kitasa.

Basi tuseme kipimo kimethibitisha kitasa ndicho kibovu. Usiende dukani na maneno "kitasa cha IST". Nenda na namba ya chesisi. Toyota IST za kizazi cha kwanza, zilizotoka mwaka 2002, zinajulikana kwa alama kama NCP60, NCP61 na NCP65, na muuza spea anayejua kazi yake, awe Gerezani hapa Dar es Salaam au Kirinyaga Road, Nairobi, atakuuliza hiyo kabla ya kushika boksi. Kwa Toyota kuna msaada mwingine: namba ya kifaa huanza na tarakimu tano zinazosema kitasa ni cha mlango upi. 69030 ni mbele kulia, 69040 mbele kushoto, 69050 nyuma kulia, 69060 nyuma kushoto, ukiwa umekaa ndani unatazama mbele. Tarakimu zinazofuata baada ya mstari ndizo zinazotofautisha gari na gari. Muuzaji akikuambia cha kushoto kinaingia kulia, ondoka hapo.

Jihadharini pia na vitasa vya mbele vilivyotoka kwenye magari yenye usukani kushoto, ambavyo huletwa na spea kutoka nchi za Ghuba. Mlango wa dereva mara nyingi una kitasa chenye swichi ya ziada ya ufunguo, na kwa magari yale dereva yuko kushoto. Umbo linaweza kufanana kabisa, matundu ya skrubu yakalingana, lakini idadi ya pini kwenye plagi ikawa tofauti. Msikilizaji wetu aliyeko Kigali, ambako magari mengi yana usukani kushoto, atakumbana na shida hiyo hiyo kinyume chake akiagiza spea kutoka kwetu. Hesabuni pini za kitasa cha zamani, piganeni nazo dukani, si nyumbani.

Kati ya kitasa kipya cha bei nafuu kisicho na jina na kitasa cha mtumba kilichotoka kwenye gari la Japani, mimi nachukua cha mtumba, kwa sharti kijaribiwe kwa betri palepale dukani na kisikike kikipiga kwa nguvu pande zote mbili. Lakini kuna njia ya tatu ambayo inastahili heshima zaidi kuliko inavyopewa. Sehemu ya chuma ya kitasa na gia zake za plastiki mara nyingi ni nzima, kilichokufa ni ile mota ndogo. Fundi mwenye mkono mtulivu hukifungua kitasa, ambacho nusu zake mbili zimeshikwa kwa skrubu au zimegandishwa, akatoa mota, akahamisha kigia kutoka mhimili wa zamani kwenda mpya kwa kina kile kile, akarudisha. Urefu wa mhimili wa mota mpya lazima ulingane na wa zamani, na chanya na hasi zikae pale pale zilipokuwa, la sivyo ukibonyeza kufunga mlango huo utafungua. Ni kazi ya subira, na kitasa kilichogandishwa kikikatwa vibaya hakirudi. Ila kwa gari ambalo kitasa chake ni adimu, hii ndiyo dawa.

Sasa kazi yenyewe. Pandisheni kioo mpaka juu kabisa kabla ya kugusa chochote, kwa sababu kitasa kinakaa nyuma ya reli ya kioo, na kioo kikiwa chini mkono haupiti. Kisha toeni waya wa hasi kwenye betri. Kwa magari yenye mifuko ya hewa, Toyota wenyewe huagiza kusubiri angalau sekunde 90 baada ya hapo ndipo kazi ianze, ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mifuko uishe. Kava la ndani la mlango limeshikwa na skrubu chache zilizofichwa, moja nyuma ya mkono wa kufungulia, nyingine ndani ya kishikio cha kuvutia mlango. Zikitoka, kinachobaki ni klipu za plastiki ukingoni. Wengi huchomeka bisibisi bapa na kukwanyua, na ndiyo maana magari yetu mengi yana kava zinazocheza na kulia barabarani. Tumieni kipande cha plastiki ngumu au mbao iliyochongwa, anzeni chini, na nunueni klipu chache mapema, kwani moja au mbili zitavunjika tu.

Nyuma ya kava utakuta nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Hapa naomba tusimame kidogo, maana ndipo gereji nyingi zinapoliharibu gari bila kujua. Nimeshasema kwamba maji huingia mlangoni. Nailoni hii ndiyo inayoyazuia yasivuke kuja ndani ya gari. Ikichanwa na kutupwa, mvua kubwa ya kwanza italowesha kava, swichi za vioo na zulia la sakafuni, na mwenye gari ataanza kutafuta tundu kwenye paa ambalo halipo. Nailoni ibanduliwe taratibu kwa wembe unaopita kwenye gundi, iwekwe mahali pasipo na vumbi, na mwishoni irudishwe mahali pake yote, mpaka ukingo wa chini. Gundi ikiwa imeshakufa, iko inayouzwa kama utepe mnene mweusi. Nailoni yenyewe ikiwa imeshachanika, hata ya kawaida iliyo nene inafaa ikikatwa kwa umbo lile lile. Mwenye gari asimame pale aone inarudi.

Kitasa kimeshikwa na skrubu tatu zilizoko ukingoni mwa mlango, pale ulimi wa kitasa unapoonekana. Kwa Toyota nyingi skrubu hizi ni za toksi T30, zenye tundu la nyota ya ncha sita kichwani, na zimekazwa kiwandani kwa nguvu. Asiye na bisibisi ya aina hiyo asiziguse. Vichwa vyake vikishalika, kinachofuata ni drili. Mwenye nayo aiweke wima, aigonge mara moja kwa nyundo ndogo ikae vizuri, kisha aikandamize kwa uzito wa mwili anapozungusha. Kabla ya hapo piga picha kwa simu kila fimbo na kila kebo ilivyokaa. Fimbo zinashikwa na klipu ndogo za plastiki ambazo huzungushwa ndipo zikaachia, zikivutwa zinavunjika. Kwenye baadhi ya magari italazimu kuilegeza reli ya kioo, kwa kawaida kwa spana namba 10, au kutoa kwanza kitovu cha ufunguo kwa kupitia tundu lililozibwa na kizibo cha mpira ukingoni mwa mlango. Kitasa kitatokea kwenye tundu la ndani kwa kukigeuza geuza.

Kitasa mbadala kikishaingia, sehemu zake za chuma zipakwe grisi nyeupe ya lithiamu, kidogo. Oili chafu ya injini inayopakwa na watu wengi inakamata vumbi na kuturudisha tulikotoka.

Halafu linakuja jambo ambalo kila fundi anayeanza anapaswa kulisikia mara nyingi mpaka limkae: mlango usifungwe kabla kitasa hakijajaribiwa. Rudisheni plagi zote, rudisheni waya wa betri, na mlango ubaki wazi kabisa. Chukueni bisibisi, sukumeni ulimi wa kitasa mpaka ulie mara mbili, kama vile mlango umejifunga. Sasa bonyezeni remoti, funga, fungua. Jaribuni kitufe cha ndani, kisha ufunguo kama mlango unao, kisha mkono wa ndani, kisha mkono wa nje. Loki ikiwa imefunguliwa, kila mkono ukivutwa ulimi unapaswa kuachia. Kama ni mlango wa nyuma, jaribuni na kile kiloki cha watoto, kikiwa kimewekwa na kikiwa kimeondolewa. Fimbo moja tu ikiwa haijakaa kwenye klipu yake, na mlango ukafungwa, mnaweza kubaki na mlango usiofunguka ndani wala nje, huku skrubu za kitasa zikiwa zimezibwa na mwili wa gari na kava haliwezi kutoka bila kuvunjwa. Nusu dakika ya bisibisi inawaepusha na hayo yote.

Kuna wanaoniuliza kuhusu zile mota ndefu zenye fimbo mbele, zinazouzwa nne katika boksi moja pamoja na king'ora. Ile yenye nyaya tano ni ya mlango wa dereva, kwa sababu ndiyo inayotoa amri kwa mingine, na zenye nyaya mbili ni za kufuata. Kwa gari la zamani ambalo halikuzaliwa na sentro loki ni vifaa vizuri na nawaunga mkono wanaovifunga. Kwa gari ambalo kitasa chake cha kiwandani kina mota ndani, kuongeza mota hiyo pembeni na kuifunga kwa waya ni kuziba pengo. Nakubali inafanyika pale kitasa kilipokosekana kabisa. Ikibidi, fimbo yake iende mstari mmoja na mwendo wa fimbo ya kitasa, la sivyo itakuwa inapigana na komeo kila siku mpaka nayo ichoke.

Mlango mmoja ukishatengenezwa, hakuna sababu ya kubadilisha vitasa vya mitatu iliyobaki kwa kuwa tu vina umri sawa. Isikilizeni milango hiyo mara moja moja, mkiwa mmesimama kando ya kila mlango mtu mwingine akibonyeza remoti, mahali palipo kimya. Na kile kitasa kilichotolewa, mwenye gari akidai na aondoke nacho. Ndani yake mna gia nzima, ulimi mzima, swichi nzima na mota moja mbovu, na siku kitasa cha upande huo huo kitakapovunjika chuma, hicho ndicho kitakachotoa vipuri.